Mshiriki wa Saba

Saa nne usiku sumaku hukodishwa nusu bei,
ndiyo maana sayansi yetu huamka Tartu ikilala.
Nje, mto ambao wazee wetu waliuita Mama
umeganda juu, chini unakwenda.
Nina mkataba wa miaka mitatu, imebaki miezi saba,
na friji moja yenye mate ya wanawake kumi na mmoja
katika vichupa vyembamba kama kidole cha mtoto,
kila kimoja na tarehe yake ya mwezi:
siku ya pili, siku ya kumi na nne, siku ya ishirini na mbili,
na vya Õie, ambavyo havina siku,
kwa sababu mwezi wake umeacha kuja kwa miadi.

"Kumi na mmoja," alisema Profesa Viiding akivua miwani,
"si sampuli, Kertu. Ni timu ya mpira."
Alicheka. Nami nikacheka, maana ndiye anayetia saini.

Nilisoma makala za zamani hadi macho yakawa mchanga.
Panya mia mbili, wote madume.
Panya arobaini, madume.
Na katika tanbihi, kwa herufi ndogo kama chawa:
majike hawakutumika, homoni zao huleta kelele.
Kelele!
Nilikaa na neno hilo kama mtu aliyekalia mwiba
na hataki kusimama mbele za watu.
Bibi yangu alikuwa kelele. Mama, kelele.
Mimi mwenyewe, kila nikiingia mwezini,
ni redio iliyo kati ya stesheni mbili,
na hakuna aliyeuliza redio inasema nini.

Nisiseme uongo: bado sijui.
Grafu yangu inapanda, inashuka, inapanda.
Huenda ni estrojeni inayopita kwenye hipokampasi
ikiongeza uzi hapa, ikifumua pale.
Huenda ni usingizi, au kahawa, au hamu yangu ya kuona.
Jibu la ruzuku lilikuja Jumanne: wazo la kuvutia, walisema,
lakini.

Õie Kukemelk, miaka hamsini na miwili, mwoka mikate.
Alivua pete, akavua heleni, akachomoa pini za nywele,
akauliza kama unga ulio chini ya kucha huvutwa na sumaku.
Nikamwambia la.
"Miaka thelathini nakanda," akasema, "na juzi alfajiri
nilisimama mbele ya bakuli nikakiangalia kile kitu,
kile... kinachoumua unga, nacho kikaniangalia,
kama watu waliowahi kuoana na sasa hawakumbukani majina.
Daktari alisema ni umri. Kunywa maji, akasema.
Wewe unaonaje, binti? Ninazimika?"

Fomu ya maadili inanikataza kujibu.
Nilimfunika blanketi hadi kidevuni,
nikamtia kitufe cha dharura kiganjani.
"Usitikisike. Usiseme. Dakika arobaini."

Mashine ikaanza kugonga kama mafundi bati.
Kwenye kioo ubongo wake ukachomoza, kijivu juu ya kijivu,
slesi baada ya slesi,
na mimi niliyekuja na njaa nikaisahau njaa.
Dakika ya thelathini na moja kipaza sauti kikakoroma:
"Chachu!"
Kisha kicheko. Kisha: "Samahani. Lakini chachu, binti! Chachu!"

Picha za dakika ile ziliharibika zote,
fuvu moja limekuwa mafuvu matatu,
kama mtu anayekataa kwa kichwa.
Utaratibu unasema: ondoa.
Andika sababu: kelele.

Saa saba na nusu nilimsindikiza mlangoni.
Hakwenda nyumbani; tanuri huwashwa saa tisa.
Nikarudi, nikafungua daftari,
na kwenye mstari wa mshiriki wa saba, mahali pa sababu,
niliandika: alikumbuka.
Faili sikulifuta.
Viiding ataliona Jumatatu.